Kung'oa Yote au Kubakiza Machache? Maoni Juu ya Meno Bandia

Mjomba wangu mmoja, karani mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, alikuwa bado na meno manane siku aliyoamua kuvaa meno bandia: mawili juu, yote yakitikisika, na sita ya mbele katika taya la chini, yaliyokuwa imara. Fundi aliyemwendea hakuyapima wala hakuagiza yapigwe picha. Alimwambia kwamba meno machache yaliyobaki ni usumbufu tu. Ayang'oe yote, naye atamtengenezea seti mbili nzima, zilizo sawasawa kama punje za mahindi. Shauri hilo lilimpendeza mzee. Meno yaling'olewa katika juma moja, na katika juma la tatu alikuwa amekwisha kuvaa ya bandia. Seti ya juu anaivaa hadi leo bila ya taabu kubwa. Seti ya chini ilikaa kinywani mwake miezi kadhaa, ikielea, ikichubua, na kuruka kila alipopiga chafya. Sasa inakaa katika kikombe cha bati kando ya kitanda chake.

Nasimulia habari hii si kwa nia ya kumlaumu mzee wala fundi wake, bali kwa sababu uamuzi wa namna hiyo hufanywa kila siku, na mara nyingi hufanywa kinyumenyume. Watu huyatazama meno watakayoyapata: weupe wake, usawa wake, bei yake. Wachache hulitazama taya litakaloyabeba. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi kijana wa shule ya sekondari ndiye anayetumwa kumsindikiza bibi au babu hospitalini, na mwalimu ndiye anayeombwa ushauri hata katika mambo asiyoyafundisha, naona yafaa jambo hili lijadiliwe katika kurasa hizi. Elimu inayohitajika si ya udaktari. Ni fizikia ya madarasa ya mwanzo ya sekondari, pamoja na baiolojia kidogo.

Meno bandia kamili ni yale yanayochukua nafasi ya meno yote ya taya moja. Hayo hukaa juu ya ufizi peke yake. Meno bandia ya mapengo hujaza nafasi za meno yaliyotoka tu, na hushikizwa kwenye yale yaliyobaki kwa vishikizo vya waya au vya madini. Aina zote mbili kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki iitwayo akriliki, iliyoanza kutumika kwa kazi hii katika miaka ya 1930 ikauondoa mpira mgumu uliopikwa kwa salfa. Ila yale ya mapengo yaweza pia kujengwa juu ya kiunzi chembamba cha mchanganyiko wa kobalti na kromi. Mpaka hapo watu wengi wanafahamu. Wasilolifahamu ni kwamba tofauti kubwa baina ya aina hizi mbili haimo katika idadi ya meno. Imo katika swali la nani anayebeba mzigo.

Jino la asili halikupigiliwa katika mfupa kama msumari katika ubao. Mzizi wake umening'inizwa ndani ya tundu la mfupa kwa nyuzi nyingi ndogo mno, mithili ya mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba. Mtu anapouma, nyuzi hizo hukazika na kuuvuta mfupa. Na mfupa, kama msuli, hudumu kwa kutumiwa. Zaidi ya hayo, nyuzi hizo zina neva zenye wepesi wa ajabu. Ndizo zinazomjulisha mtu kwamba kuna chembe moja ya mchanga katika tonge la wali, naye akasita kabla hajaitafuna.

Wataalamu wamelipima eneo la nyuzi hizo wakaona kwamba, katika taya moja lenye meno yote, ni kiasi cha sentimita za mraba 45. Sasa tuyang'oe meno yote. Mzigo unahamia kwenye ufizi, ambao ni ngozi laini isiyoumbwa kwa kazi hiyo, na eneo linaloweza kufunikwa na bamba la meno bandia ni sentimita za mraba 23 hivi katika taya la juu, na 12 tu katika taya la chini. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo hahitaji kuelezwa zaidi. Kani ile ile ikitua katika taya la chini, ufizi utapata kanieneo inayokaribia mara nne ya ile iliyokuwa ikibebwa na nyuzi za meno. Ufizi hauwezi kuistahimili. Unauma, na mwenye kinywa hupunguza nguvu mwenyewe bila ya kuambiwa na mtu. Ndiyo maana mvaaji wa meno bandia kamili, kwa kawaida, hutafuna kwa nguvu isiyozidi robo ya ile ya mwenye meno yake, na mara nyingi haifiki hata hapo. Mjomba wangu aliacha kwanza miwa, kisha mahindi ya kuchoma, kisha nyama isiyochemshwa ikalainika kabisa.

Tena kuna habari ya mfupa. Tuta la mfupa lililokuwa limeyashika meno halina kazi nyingine. Meno yakitoka, nalo huanza kuliwa. Hupungua upesi sana katika mwaka wa kwanza, kisha polepole, lakini halikomi. Mwaka 1972 mtaalamu Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavaaji wa meno bandia kamili kwa muda wa miaka 25, akaonyesha kwamba mfupa wa mbele wa taya la chini ulipungua takriban mara nne ya ule wa taya la juu. Hii ndiyo sababu kibogoyo wa miaka mingi huonekana kidevu chake kimepanda kuifuata pua. Fundi aliyechukua kipimo cha kinywa cha mjomba siku chache baada ya meno kung'olewa alikuwa akipima kilima kinachoporomoka. Kuvaa mapema si kosa, na wapo ambao kazi yao haiwaruhusu kukaa bila ya meno hata siku moja. Kosa ni kutokumwambia mzee kwamba alipaswa kurudi baada ya miezi kadhaa ili bamba lijazwe upya upande wa ndani kuufuata ufizi uliopungua.

Mbona basi seti ya juu inakaa? Hapa mwalimu anaweza kufanya jaribio darasani kwa gharama ndogo sana. Chukua vipande viwili vya kioo, kama vile vinavyotumiwa chini ya hadubini, weka tone moja la maji katikati yake, kisha jaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta, kimoja huku na kimoja kule. Vitakataa. Visukume kando, navyo vitateleza bila ya shida. Utando mwembamba wa mate ulio baina ya bamba na kaakaa hufanya kazi hiyo hiyo. Molekuli za mate hushikamana zenyewe kwa zenyewe, na hushikamana pia na bamba na ufizi. Na kingo za bamba zikiwa zimezibwa vema na midomo na mashavu, hewa haipati njia ya kuingia, hivyo kanieneo ya hewa ya nje hulisukumia bamba juu. Kaakaa ni pana na halitikisiki. Chini hakuna kaakaa. Pana ulimi, ambao haujui kutulia, na bamba lenye umbo la mwezi mwandamo lisilokuwa na eneo la kutosha wala kingo zinazozibika. Mtu akimeza, akisema, akicheka, ulimi hulinyanyua. (Mwenye kinywa kikavu, kwa ugonjwa au kwa dawa anazokunywa, hata la juu humlegea, kwa sababu hana ule utando wa mate.)

Kwa hiyo kauli yangu ya kwanza ni hii: swali la kamili au ya mapengo si swali moja. Ni maswali mawili, moja la juu na moja la chini, na majibu yake yaweza kutofautiana katika kinywa kimoja. Mtu mwenye meno mawili mabovu katika taya la juu hapotezi mengi akiyatoa. Mtu mwenye meno mawili mazima katika taya la chini, akiyatoa, amekata nanga.

Hata hivyo nisieleweke kuwa nasifu kila kitu kiitwacho meno bandia ya mapengo. Mwaka 1925 daktari wa meno wa Marekani, Edward Kennedy, aliyagawa mapengo katika makundi manne, na mgawanyo wake ungali ukitumika. Jambo kubwa ndani yake laweza kuelezwa kwa lugha ya ujenzi. Pengo lenye meno mazima pande zote mbili ni kama mto wenye kingo mbili: meno bandia hulazwa juu yake mithili ya daraja, na mzigo hushuka kupitia nguzo mbili, yaani meno ya jirani, hadi kwenye mfupa. Hapo meno bandia ya mapengo hufanya kazi vizuri sana. Lakini magego ya nyuma yakiwa yametoka yote, nyuma hakuna nguzo. Upande wa mbele bamba linalishika jino lisiloshuka, na upande wa nyuma linalalia ufizi unaobonyea. Weka ncha moja ya rula juu ya kitabu na ncha nyingine juu ya sifongo, kisha bonyeza upande wa sifongo: rula itainama, na ile ncha ya kitabuni itataka kunyanyuka. Huo ni wenzo, na egemeo lake ni jino la mwisho lililobaki. Kila tonge la ugali humvuta maskini huyo kurudi nyuma. Kiunzi kisipopangwa kwa uangalifu, bamba lisipoenezwa ili lichukue eneo kubwa la ufizi, vishikizo vikikaza mno, jino lililokuwa imara huanza kucheza. Na bamba la akriliki tupu, lisilo na mahali pa kuegemea juu ya meno, huzama kidogo kidogo na kuukwangua ufizi hadi mizizi ikaonekana. Meno bandia ya namna hiyo ni ung'oaji wa polepole, unaolipiwa mara mbili.

Liko na tatizo la usafi. Vishikizo hushika mabaki ya chakula, na jino lililoshikizwa huoza upesi likiachwa bila ya kupigwa mswaki. Mtu asiyesafisha meno yake ya asili hatayasafisha zaidi kwa sababu ameongezewa waya.

Wapo pia wanaopinga kauli yangu kwa hoja ya kitaalamu ambayo sina budi kuikubali kwa sehemu. Mwaka 1972 huo huo, Ellsworth Kelly alieleza yanayotokea mtu anapovaa meno bandia kamili juu, huku chini amebakiwa na meno ya mbele peke yake, hali ambayo hasa ingekuwa ya mjomba wangu kama yale sita yangehifadhiwa. Meno ya asili ya chini, yenye nguvu, hulipiga bamba la juu kwa mbele. Mfupa wa mbele wa taya la juu huliwa, na ufizi hubaki laini na wenye kuchezacheza. Basi wengine husema: ng'oa na ya chini, nguvu zilingane. Mimi sikubaliani nao. Hasara ya juu yaweza kupunguzwa kwa kuyajaza mapengo ya nyuma chini ili mzigo ugawanyike, na kwa kumwona daktari mara kwa mara. Hasara ya kung'oa meno sita mazima ya chini haipunguzwi na kitu.

Na lini basi ni haki kung'oa yote? Meno yanapotikisika kwa sababu mfupa wake umekwisha kuliwa na ugonjwa wa fizi; yanapotoa usaha; yanapokuwa yameoza hadi ndani ya mizizi, na hapana uwezekano wa kuyatibu. Katika hali hiyo kubakiza ni kumtesa mgonjwa. Nimeona watu wenye siha mbovu wakinawiri baada ya kinywa kilichooza kusafishwa. Ninachopinga ni kung'oa kwa sababu ya wepesi wa kazi ya fundi.

Wepesi huo una historia ndefu. Mwaka 1910 daktari wa London, William Hunter, alitoa hotuba mjini Montreal akiyashutumu meno mabovu yaliyofunikwa kwa dhahabu kuwa chanzo cha magonjwa mengi ya mwili. Katika onyo lake ulikuwamo ukweli, lakini wafuasi wake walilichukua mbali, na kwa miongo kadhaa mamilioni ya meno, mabovu kwa mazima, yaling'olewa Ulaya na Marekani kwa kushukiwa tu. Huko Uingereza na Wales uchunguzi wa mwaka 1968 ulikuta kwamba asilimia 37 ya watu wazima hawakuwa na jino hata moja la asili. Uchunguzi wa mwaka 2009, uliohusu Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini, ulikuta asilimia 6. Waliobadilika si watu, bali fikira zao na huduma zao. Na George Washington, alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Meno yake bandia, yaliyochongwa kutokana na pembe ya kiboko, yaliachiwa tundu ili jino hilo lipite. Mtengenezaji wake, John Greenwood, hakuwa na akriliki wala kobalti, lakini alijua thamani ya jino moja.

Lipo jibu la tatu ambalo wauzaji wa meno hawalitaji: kuliacha pengo kama lilivyo. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha kwamba mtu mwenye meno ya mbele na ya kati yanayokutana vizuri aweza kuishi bila ya magego kadhaa na asipungukiwe sana. Jambo hili halikubaki la Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa na mtaalamu wa Tanzania pamoja na wenzake wa Nijmegen, uliwachunguza mamia ya watu wazima wa Tanzania, walaji wa vyakula vyetu, ukakuta kwamba wale ambao meno yao ya kati yalikuwa kamili, na angalau jozi moja ya magego ikikutana, walitafuna vya kutosha. Waliopata shida hasa ni wale waliobakiwa na meno ya mbele tu au na jozi chache mno za meno ya kati. Mtu aliyepoteza magego mawili ya mwisho, asiyeona taabu katika kula wala katika kusema, na anayeambiwa lazima ajaze pengo, anayo haki ya kuuliza ni kwa nini.

Ama kwa yule ambaye meno yake yameharibika juu lakini mizizi ni mizima, ipo njia ambayo ingefaa ijulikane zaidi. Jino hukatwa karibu na ufizi, mzizi ukatibiwa na kufunikwa, na meno bandia yakavaliwa juu yake. Kwa macho, hayo ni meno bandia kamili. Lakini mzizi na nyuzi zake ungali ndani ya mfupa, ukiutumikisha. Utafiti wa miaka mitano uliochapishwa mwaka 1978 uliwalinganisha watu walioachiwa mizizi ya meno ya chonge katika taya la chini na watu waliong'olewa yote. Wa kwanza walipoteza mfupa wa kiasi cha milimita 0.6 sehemu ya mbele. Wa pili, zaidi ya milimita 5. Palipo na uwezo, kazi ya mizizi yaweza kufanywa na skrubu mbili za titani zilizopandwa ndani ya mfupa, na mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill walipendekeza njia hiyo iwe ndiyo ya kwanza kwa kibogoyo wa taya la chini. Lakini skrubu hizo ni ghali, na kwa wengi wetu zitabaki kuwa habari ya kusoma kwa muda. Mizizi tunayo bure.

Neno la gharama haliepukiki. Akriliki ni rahisi, na ina sifa moja nzuri: jino jingine likitoka baadaye, la bandia laweza kuongezwa kwenye bamba lile lile. Kiunzi cha kobalti na kromi huzidi kwa bei, lakini ni chembamba, kinaegemea juu ya meno badala ya kuzama katika ufizi, na, kwa kuwa madini hupitisha joto ilhali akriliki huzuia, mvaaji huusikia tena moto wa chai kwenye kaakaa. Asiyeweza kulipia kiunzi leo aweza kuanza na akriliki iliyotengenezwa vema, mradi aambiwe wazi kuwa ni ya muda na arudi kupimwa. Aina yoyote atakayovaa, aivue usiku, aisugue kwa sabuni na mswaki laini, ailaze katika maji baridi. Asiichemshe, maana itapinda.

Nilipomweleza mjomba haya yote, miaka mingi baada ya wakati wake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, mbona hukuyasema kabla?" Sikuwa na jibu, wakati ule nami sikuyajua. Mama mdogo, aliyekuwa ameketi nasi, hakusema neno. Miezi michache baadaye alikwenda hospitali ya mkoa akiwa na meno yake manne ya chini, akamwuliza daktari swali moja tu: lipi kati ya haya linaweza kubaki? Mawili yalitolewa. Mawili ya chonge yalikatwa, mizizi ikatibiwa, na juu yake amevaa bamba la akriliki. Mahindi ya kuchoma bado hayawezi. Makande anakula.